Indiketa ya kushoto inawaka bila kupepesa: nianze na ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) au swichi?

Ndugu mhariri,

Salaam kwako na kwa mafundi wa umeme wanaosoma barua hizi.

Pikipiki ni ya zamani, ya volti 12, yenye balbu nne za indiketa za wati 10 na flasha (kifaa kinachopepesesha taa) ya miguu miwili, ile inayokata moto kwa bamba linalopinda likipata joto. Kulia inapepesa vizuri, kama mara 80 kwa dakika. Kushoto, injini ikiunguruma taratibu, taa zote mbili zinawaka na kuganda hapo hapo, na ya nyuma ni hafifu. Ukivuta mafuta ndipo zinaanza kupepesa.

Balbu za kulia zimehamishiwa kushoto, hitilafu haikuhama. Flasha ni hiyo hiyo moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo siishuku. Flasha ya namna hii hutegemea mkondo wa kutosha kulipasha bamba lake. Mkondo ukipungua, bamba halipindi na taa haizimi.

Vipimo vya kushoto, taa zikiwa zimeganda, ni hivi: betri volti 12.2, waya unaoingia kwenye flasha 11.9, unaotoka 11.8, baada ya swichi 10.7. Kulia, baada ya kuunganisha miguu ya flasha kwa kipande cha waya ili taa zisizime, kipimo baada ya swichi ni 11.6. Kisha mita kati ya kikalio cha balbu na hasi ya betri: mbele kushoto 0.1, nyuma kushoto 1.3. Balbu ya nyuma inabaki na volti 9.4 tu, na kwa balbu ya nyuzi hiyo ni chini ya nusu ya mwanga wake. Taa ndogo ya kwenye dashibodi haisaidii kugundua hili. Ni moja kwa pande zote, imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, na ukiwasha kushoto inapata ethi yake kupitia balbu za kulia. Inawaka kama kawaida huku ya nyuma ikififia.

Nikipeleka waya wa muda kutoka hasi ya betri hadi kwenye kikalio cha nyuma, taa inang'aa na kupepesa kunarudi, ila mara 55 kwa dakika, chini ya 60 inayotakiwa. Maana yake hitilafu ni mbili: ethi ya nyuma, na mguso wa kushoto ndani ya swichi.

Mguu wa indiketa umekaa juu ya mpira, kwa hiyo ethi inategemea kiwaya chembamba kilichobanwa chini ya kikalio, penye kutu. Je, nikisafishe kwa msasa na kukibana upya, au nipitishe waya mpya wa milimita mraba 0.75 moja kwa moja hadi hasi ya betri? Na kiungo nikibane kwa koleo au nikichome kwa risasi? Hofu yangu kwa risasi ni mtikisiko: waya hukatika pale risasi inapoishia.

Swichi ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Ndani kuna springi na gololi ndogo zinazoruka ukifungua, na plastiki imekauka. Dawa ya kusafishia migusano ikipuliziwa bila kufungua inaweza kurudisha ile volti 1.1 inayopotea, au grisi iliyogandia kwenye shaba haitoki mpaka ikwanguliwe?

Nimeshauriwa kuweka balbu za wati 21 ili flasha ipate mkondo, au flasha ya elektroniki ya miguu mitatu. Ya kwanza siitaki: wati 42 kwa upande ni kama ampea 3.5 kupitia migusano ile ile mibovu, na joto lake linaweza kuyeyusha kioo cha plastiki. Ya pili itapepesa hata balbu ya nyuma ikibaki hafifu, na hiyo ndiyo taa anayoitegemea dereva aliye nyuma mchana wa jua kali. Au kuna sababu ya kuifunga baada ya ethi na swichi kutengenezwa?

Msomaji wenu