Inachapa ukurasa wa kwanza tu: kwa nini marekebisho haya si kazi ya kitufe kimoja

Sisi hurekebisha uchapaji kwenye programu za kuandikia za wateja, na lalamiko tunalolisikia kuliko yote huja hivi: "Programu ipo, inaandika, inahifadhi. Imebaki kuprinti tu. Mbona makadirio yenu ni makubwa namna hii?" Hivi karibuni mteja mmoja alikwenda mbali zaidi. Alisema tumemwona hajui kompyuta, ndiyo maana tumempandishia bei. Neno hilo limetuuma, kwa sababu kazi hii tunaifanya kwa uangalifu kuliko nyingi tunazopewa. Basi tueleze hadharani tunachokitoza.

Kwenye skrini, kihariri cha maandishi hakina kurasa. Kina maandishi yanayoshuka bila kikomo, nawe unayavuta juu na chini. Karatasi ina mwisho. Lazima awepo wa kuamua neno lipi ndilo la mwisho kwenye karatasi hii na lipi lianze ile inayofuata. Wengi hudhani anayeamua ni Windows, au ni printa. Sivyo. Kwa programu za .NET (jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu), mfumo huiita programu mara moja kwa kila ukurasa kupitia tukio liitwalo PrintPage. Mfumo unaikabidhi programu karatasi tupu, na programu ikimaliza kuchora mfumo unataka kujua jambo moja: kuna ukurasa mwingine? Jibu huwekwa kwenye HasMorePages, na usipoweka kitu jibu ni hapana. Hapo ndipo linapotoka tatizo la ukurasa mmoja. Aliyeandika programu alimwaga maandishi yote kwenye karatasi ya kwanza, yaliyozidi yakaangukia nje ya ukingo wa chini, na hakuna onyo lililotokea. Printa haioni kosa lolote. Imechapa ilichopewa.

Mteja akishagundua hilo, kwa kawaida humtafuta mtu wa kumalizia haraka, na njia ya mkato inayopendwa ni kuhesabu mistari. Fundi anakata shauri kwamba ukurasa ni mistari 50, anachapa 50, anaruka, anachapa 50 nyingine. Kwenye faili la majaribio lenye mistari mifupi inakaa sawasawa, analipwa, anaondoka. Lakini mstari wa kwenye faili si mstari wa kwenye karatasi. Aya ndefu ambayo mwandishi hakubonyeza Enter ndani yake hata mara moja ni mstari mmoja kwa faili. Kwenye karatasi inaweza kula mistari tisa.

Ofisi moja ya mawakili ilituletea programu iliyotengenezwa hivyo. Waliitumia kwa rasimu za mikataba. Kurasa zilitoka zimejaa, pambizo zimenyooka, namba za kurasa ziko mahali pake. Karani ndiye aliyeona kwamba kifungu cha 14 kinafuatwa na cha 16. Kifungu cha 15 kilikuwamo kwenye faili, na kwenye skrini kilisomeka vizuri. Kwenye karatasi kiliishia chini ya ukingo, kwa kuwa aya ndefu zilizokitangulia zilishaimaliza nafasi wakati hesabu ya programu ilikuwa bado haijafika 50. Walikwisha kulipa mafundi wawili kabla ya kuja kwetu, na kila mmoja alichofanya ni kupunguza idadi: 50 ikawa 45, kisha 40. Kupunguza hakutibu. Kunaficha tatizo mpaka ije aya ndefu zaidi, na siku hiyo mkataba umeshatiwa saini. Kwetu walilipa bei ile ile ambayo wangelipa mwanzoni, juu ya hizo mbili za kwanza.

Sisi tunapima. Kwa kila aya tunauliza: kwa fonti hii, kwa ukubwa huu, ndani ya upana huu, ni herufi ngapi zinaingia kwenye mstari, na mistari mingapi inaingia kwenye urefu uliobaki? Tunaandika namba ya herufi inayoanza kila ukurasa, na tunaendelea mpaka maandishi yote yawe na mahali pake. Mwisho tunajumlisha: herufi zilizogawiwa kurasa lazima zilingane na herufi za kwenye faili. Zisipolingana, hatukabidhi kazi.

Vipimo hivyo havichukuliwi kwenye skrini, na hapa wengi wenye nia njema huteleza. Skrini ya kawaida kwenye Windows huhesabiwa kuwa na nukta 96 kwa kila inchi. Printa ya leza mara nyingi ina 600. Kwenye skrini, upana wa herufi husogezwa ufuate nukta nzima ili maandishi yasomeke. Kwenye printa, herufi hiyo hiyo inakaribia zaidi upana wake halisi. Tofauti kwa herufi moja ni ndogo mno, lakini kwenye mstari wa herufi 80 inatosha kulisukuma neno la mwisho chini. Mistari michache ya namna hiyo ikikutana kwenye ukurasa mmoja, mstari wa mwisho unakosa pa kukaa. Ndiyo maana tunapima kwa kutumia printa iliyochaguliwa, na mtumiaji akibadilisha printa tunapima upya.

Karatasi nayo ina mambo yake. A4 ni milimita 210 kwa 297. Letter, inayotumika sana Marekani na Kanada, ni 215.9 kwa 279.4, yaani ni pana kidogo na fupi kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Programu iliyokazwa kwa vipimo vya A4 ikipelekwa kwenye printa yenye Letter hupoteza mistari ya chini ya kila ukurasa. Tumewahi kuletewa programu ya orodha za ghala iliyosumbua tawi moja tu, lenye karatasi za Letter, kati ya matawi yote ya mteja, na kwa muda mrefu wafanyakazi wa tawi lile ndio waliolaumiwa kwamba hawajui kuitumia. Zaidi ya hapo, printa nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni kabisa. Pande zote kuna milimita kadhaa zisizofikika. Mteja anayetuomba pambizo ziwe sifuri ili abane karatasi tunamkatalia, na tunamwonyesha kwa nini.

Njia nyingine ya mkato ni kunakili mfano wa msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kutoka kwenye mtandao. Mifano hiyo si mibaya, lakini iliandikwa kufundisha jambo moja. Mfano unaoonekana sana hukata maandishi kadiri unavyochapa: ukurasa wa kwanza ukitoka, kipande chake kinafutwa kwenye kumbukumbu, na kilichobaki ndicho maandishi mapya. Unafanya kazi vizuri, mpaka mteja aombe onyesho la kabla ya kuchapa. Onyesho hilo huendeshwa na msimbo ule ule wa kuchapa. Likimaliza kuonyesha kurasa zote, maandishi yameshakwisha, na kitufe cha kuchapa kikibonyezwa ndani ya onyesho inatoka karatasi nyeupe. Tumepokea simu za watu waliokwisha kununua wino mpya wakidhani printa imeharibika. Dawa ni kurudisha hesabu mwanzoni kila uchapaji unapoanza, na mfumo una tukio maalumu la kazi hiyo. Kwenye Java, lugha nyingine ya kuandikia programu, hali ni ngumu zaidi: mfumo huita ukurasa kwa namba yake, na unaruhusiwa kuuomba ukurasa uleule zaidi ya mara moja. Msimbo unaosema "endelea ulipoishia" utaruka maandishi hapo, na anayeutumia hatajua.

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kurasa zisizokwisha. Mfanyakazi wa mteja wetu mmoja, kabla programu haijaja mikononi mwetu, alikosea akaweka pambizo kubwa mno, nafasi ya kuandikia ikabaki ndogo kuliko herufi yenyewe. Programu ilipima ikaona herufi zinazoingia ni sifuri, ikasema bado kuna ukurasa mwingine, ikapima tena, sifuri tena. Printa ilikuwa chumba cha pili. Ilisimama karatasi zilipokwisha kwenye trei. Kwenye kazi zetu hali hiyo inakaguliwa kabla ya karatasi ya kwanza kuvutwa, na mtumiaji anaambiwa pambizo zake hazifai.

Namba za "ukurasa wa 3 kati ya 12", kuchapa kuanzia wa 5 hadi wa 7, nakala zilizopangwa kwa mafungu: vyote hivi wateja huviita nyongeza ndogo. Kwetu kweli vinakuwa vidogo, kwa sababu tumeshajua kila ukurasa unaanzia wapi. Kwa programu iliyojengwa kwa kukata maandishi njiani, huwezi kusema "kati ya 12" kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kuwa hiyo 12 haijajulikana.

Wapo wanaotuambia, "Basi acheni kuprinti, tuwekeeni PDF, itakuwa nafuu." Haitakuwa. Kwa programu, kutoa PDF kupitia printa ya PDF iliyomo kwenye Windows ni kuchapa kama kuchapa kwingine. Kugawa kurasa kunabaki kulekule, kinachookolewa ni karatasi. Na kama unachapa mara chache kwa mwaka, maandishi ya kawaida yasiyo na kijajuu (maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa) wala namba maalumu, tutakwambia wazi usitulipe. Nakili maandishi, yabandike kwenye programu ya kuandikia barua, chapa kutoka huko. Tumeshawarudisha wateja kwa ushauri huo na hatukuwatoza kitu.

Kwa wanaohitaji kazi yenyewe, makadirio yetu yanahusu kupima, kugawa kurasa, onyesho la kabla ya kuchapa, uchaguzi wa kurasa, na majaribio kwenye printa utakazozitumia. Majaribio ndiyo yanayochukua muda mrefu kuliko kuandika msimbo, na hatuyapunguzi hata mteja akiomba bei ishuke. Tunaweza kupunguza mengine: vijajuu, nembo, rangi.

Ukija, tuletee faili refu kuliko yote uliyonayo, si la mfano. Tuletee pia lenye aya ndefu, lenye majedwali yaliyopangwa kwa vichupo (kitufe cha Tab), na lile ambalo limewahi kukusumbua. Tuambie aina za printa na ukubwa wa karatasi wa kila ofisi itakayotumia programu. Na kama kuna uchapaji uliowahi kukosea, usitutumie picha ya skrini, kwa sababu kwenye skrini kila kitu kipo. Lete karatasi zilizotoka, zote, kwa mpangilio uliotoka nao.