Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima: Hariri Tuliyoifuga Stoo

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Daktari, Bi. Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Daktari, karibu sana. Tunajua umewaacha wadudu wako na kuvumilia msongamano wa Barabara ya Thika ili uje utuone, nasi tunakushukuru kwa dhati. Klabu ina mengi ya kukueleza, ila tumekubaliana tukusimulie jambo moja tu: viwavi wa hariri tuliowafuga katika stoo iliyo nyuma ya maabara.

Kundi la kwanza lilikufa lote. Mayai yalikuwa madogo kama punje za wimbi, tukayalinda hadi yakaanguliwa, kisha tukaenda kuchuma majani ya mforsadi kwenye ua wa jirani bila kuuliza kama umepuliziwa dawa. Ulikuwa umepuliziwa. Asubuhi tuliwakuta wamejikunja, maji ya kijani yakiwatoka mdomoni. Tangu siku hiyo hakuna jani linaloingia stooni kabla mwenye mti hajaulizwa.

Kundi la pili lilikutana na baridi ya Julai. Kiwavi huyu hustawi kwenye joto la nyuzi 24 hadi 28, na stoo yetu alfajiri ilikuwa nyuzi 14. Wakagoma kula. Tuliwahamishia ndani ya kabati kuukuu, tukawasha balbu, na kufikia jioni tukausikia tena mlio wao wa kutafuna, kama manyunyu juu ya mabati. Kwa muda usiofika mwezi kiwavi hujivua ngozi mara 4 na uzito wake huongezeka karibu mara 10,000. Halafu siku moja huacha kula, huinua kichwa, na kuanza kujifuma ndani ya kifukofuko, kichwa kikienda na kurudi kwa umbo la nambari 8 kwa siku 2 au 3. Tulipeana zamu kumtazama. Hakuna aliyetaka zamu yake iishe.

Tulichemsha kifukofuko kimoja, tukatafuta ncha ya uzi kwa mswaki, tukaanza kuuzungushia kwenye kadibodi ambayo mzunguko wake ni mita moja. Tulihesabu hadi mia nane na kitu ndipo ukakatika. Vitabu vinasema uzi mmoja unaweza kufika kilomita nzima au kupita, na sasa tunaamini, kwa sababu mikono yetu ndiyo iliyochoka.

Jaribio tunalojivunia zaidi lilifanywa kwa magadi, yaleyale yanayotoka Ziwa Magadi na ambayo mama zetu hutia kwenye maharagwe ili yaive upesi. Tulikata vifukofuko 40, tukatoa kilichomo, tukapima magamba yake: gramu 12. Tukayachemsha nusu saa kwenye maji ya magadi, tukasuuza, tukakausha. Yakabaki gramu 9. Robo nzima ilikuwa imekwenda na maji. Kilichoyeyuka ni serisini, gundi inayoshikanisha nyuzi. Kilichobaki, cheupe na laini kama pamba iliyochambuliwa, ni fibroini, ambayo ndiyo hariri yenyewe.

Daktari, hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tukiiona hariri kwa jicho la duka la vitambaa. Fibroini ni protini. Ndani ya tezi za kiwavi ni majimaji mazito. Ikivutwa kutoka mdomoni, minyororo yake hujipanga tabaka juu ya tabaka na kufanya fuwele ndogo mno, na majimaji yanakuwa uzi usioyeyuka tena majini. Yote haya kwenye joto la kawaida, bila tanuri wala kemikali kali. Sisi tunaona hili ni la ajabu kuliko mng'ao wa kitambaa chochote.

Watafiti wamejifunza kuirudisha njia hiyo kinyumenyume. Huondoa serisini kwa kaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi yetu, huyeyusha fibroini kwenye maji yenye chumvi iitwayo bromidi ya lithiamu, kisha huchuja chumvi hiyo mpaka yabaki maji na protini tu. Kutokana na maji hayo hutengeneza utando mwangavu, sponji au jeli. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, kundi la David Kaplan lilionyesha mwaka 2012 kwamba chanjo na antibiotiki zikihifadhiwa ndani ya hariri huweza kudumisha nguvu zake kwa zaidi ya miezi 6, hata kwenye joto linalofika nyuzi 60. Tulimfikiria mhudumu wa afya anayebeba kisanduku cha barafu kwenda zahanati ya mbali huko Turkana, akihofia barafu itayeyuka kabla hajafika. Mwaka 2016 watafiti wa chuo hichohicho walipaka stroberi na ndizi utando mwembamba wa fibroini, zikachelewa kuharibika bila kuwekwa kwenye friji. Yeyote aliyepita soko la Marikiti jioni akaona ndizi zinazotupwa ataelewa kwa nini tulilisoma jambo hilo mara mbili.

Kuna neno linalotusumbua, na tungependa kusikia maoni yako. Ili uzi utoke mzima, kifukofuko huchemshwa mdudu akiwa ndani. Mwenzetu mmoja alitoka nje siku hiyo, na hatukumlaumu. Tumesoma kwamba hapa Kenya kuna nondo wa mwituni, Gonometa huko Mwingi na Anaphe katika msitu wa Kakamega, na kwamba vifukofuko vya Gonometa huweza kuokotwa baada ya nondo kutoka, nyuzi zikasokotwa kama pamba. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi na wanavijiji wa sehemu hizo. Kipo Kasarani. Matatu zetu hupita karibu nacho kila siku, na hatujawahi kuingia.

Kwa hivyo, Daktari, tuna maombi. Kwanza, utusaidie tuwaone nondo hao wa mwituni kwa macho yetu. Pili, utuombee kwa Bi. Mwalimu Mkuu kile kipande cha ardhi kando ya jikoni, tupande miforsadi yetu wenyewe isiyopuliziwa dawa. Vipandikizi tunavyo, vimeota mizizi ndani ya chupa pale dirishani. Tatu, mizani yetu husoma gramu nzima tu, ndiyo maana tulilazimika kupima magamba 40 kwa pamoja. Tungepata mizani inayosoma miligramu, tungepima kimoja kimoja.

Zawadi yetu kwako ni kisanduku hiki. Kina uzi ule wa mita mia nane, kifukofuko kimoja chenye tundu alimotokea nondo, na karatasi yenye mayai aliyotaga. Yataanguliwa wiki ijayo, kwa hivyo tafadhali usiyaache juani ndani ya gari. Majani ya kuanzia tumeyafunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Mwenye mti tumemuuliza.

Naomba kuwasilisha.