Kabla ya kuhesabu vyumba vya wageni, gonga ukuta

Wateja wengi wanaotujia sisi wakarabati wa majengo ya kale na nyumba ya urithi hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, huja na swali moja: itatoa vyumba vingapi vya wageni? Sisi huanzia kwingine. Tunaingia chumba cha chini na kugonga ukuta kwa fundo za vidole, kutoka sakafuni kwenda juu. Plasta ikitoa mlio wa uwazi, ujue imeshaachana na ukuta. Tukibandua kipande, mara nyingi tunakuta ni saruji nene, na nyuma yake kuna unga mweupe. Uonje: ni chumvi.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa jua linapowaka. Chokaa huyapisha, saruji huyazuia. Yakishazuiwa hupanda ndani kwa ndani na chumvi yake, hulegeza udongo ulioshika mawe, mpaka maji yafike kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Boriti ya mkoko ikikaa pakavu hudumu vizazi na vizazi. Ikilala kwenye unyevu huoza kimya kimya, huku dari chini yake ikiwa na rangi mpya inayopendeza. Mwenye nyumba naye kila baada ya masika huita fundi, fundi huongeza saruji. Pesa hiyo inanunua ugonjwa.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni: tunabandua saruji yote na kuuacha ukuta ukauke. Baadaye ndipo inakuja chokaa, iliyochomwa, ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni ilainike. Tunaipaka kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hunyunyiziwa maji na kukingwa jua, maana ikikauka haraka inapasuka. Fundi wa saruji atamaliza muda mrefu kabla yetu, hilo hatubishi. Na bili yetu sehemu kubwa ni mikono ya watu.

Kubadili matumizi ya jengo la kale si jambo geni hapa. Jengo la forodha la zamani pale Mizingani likawa chuo cha muziki. Ofisi za simu za zamani kule Shangani zikawa hoteli. Ile Dispensari ya Zamani, iliyoanzwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan miaka ya 1990, na roshani zake za mbao zilizochongwa bado zinawasimamisha wapita njia. Jengo linalotumika lina mtu wa kupanda darini kutazama bati linalovuja; lililofungwa halina. Sisi tunapenda sana wateja wenye mpango wa biashara, mradi mpango uifuate nyumba.

Kinachotugombanisha nao zaidi ni bafu. Kila mgeni anataka lake, na ramani tunazoletewa zina bafu katika kila kona ya kila ghorofa, sakafu za zege, kuta za matofali na mabomba yaliyochimbiwa ukutani. Bomba likivuja ndani ya ukuta wa matumbawe, utalijua siku boriti imeshakwisha. Sisi tunapanga bafu juu ya bafu, upande mmoja wa nyumba, na mabomba tunayaacha nje yaonekane. Hayapendezi sana, lakini yanatengenezeka. Kuta za kugawa vyumba vya juu tunaweka za mbao. Tangi la maji nalo tunaliangalia kwa makini: la lita 1000 likijaa ni tani nzima juu ya boriti ambazo hazikuwekwa kwa ajili yake.

Vyumba kuwa virefu na vyembamba pia kuna sababu yake. Urefu wa boriti, kama mita 3 hivi, ndio uliopanga upana. Anayetaka tubomoe ukuta wa kati apate ukumbi, anatuomba tuondoe kilichobeba ghorofa ya juu. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilianguka sehemu mchana kweupe tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu walipoteza maisha. Tangu hapo hatugusi ukuta unaobeba kabla ya kuweka mihimili ya muda, hata mteja akiona tunamchelewesha.

Makadirio ya bei tunayatoa baada ya kubandua sehemu chache na kuona vichwa vya boriti, si kwa picha za WhatsApp. Ukija, njoo na hati ya nyumba, au barua ya Kamisheni ya Wakfu ikiwa nyumba ni ya wakfu, pamoja na picha zozote za zamani za familia zinazoonyesha milango na madirisha yalivyokuwa. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe tutakushughulikia sisi. Jirani mwarifu wewe mwenyewe, na mapema, kwani mara nyingi ukuta mmoja umebeba boriti za nyumba mbili.