YAH: Malalamiko kuhusu pikipiki inayoendelea kuvuja oili baada ya matengenezo

Kwa Meneja wa Karakana,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilileta pikipiki kwenu kwa sababu oili ilikuwa ikidondoka chini ya kifuniko cha klachi. Fundi wenu aliinama, akaona tone, akaandika "gasketi ya klachi". Ikabadilishwa, nikalipa. Oili ikaendelea kudondoka palepale. Niliporudi, nikaambiwa sasa ni sili ya shafti ya gia. Nayo ikabadilishwa, nayo nikailipia. Bado inavuja.

Najua uvujaji wa oili humsumbua hata fundi mzuri. Wa kwenu hakuutafuta kabisa. Oili hushuka, na pikipiki ikiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, hivyo tone huning'inia mbali na lilikotoka. Injini ilifunguliwa ikiwa imejaa tope na grisi ya mnyororo, hata haikuoshwa. Anayekuta dimbwi sebuleni havunji sakafu, hupanda darini.

Nyumbani nimeiosha kwa dawa ya kuondoa grisi, nikaikausha, nikaipaka poda ya mtoto, kisha nikaiwasha hadi ikapata moto. Poda ililowa kwanza juu kabisa, kwenye ukingo wa kava ya valvu upande wa kulia. Mchirizi ukateremka kwenye mapezi ya silinda mpaka juu ya kifuniko cha klachi. Picha nimeambatisha. Poda ndiyo "mashine" pekee niliyotumia.

Isitoshe, nilirudishiwa pikipiki oili ikiwa imezidi alama ya juu, na bolti moja ya kifuniko cha klachi sasa inazunguka tu, haikazi.

Naomba nirudishiwe fedha za gasketi, sili na ufundi wa kazi zote mbili. Uzi wa bolti hiyo utengenezwe kwa gharama yenu. Na gasketi ya kava ya valvu ibadilishwe baada ya kukagua mpira wa kupumulia injini. Mpira huo ukiziba, mgandamizo wa ndani utaisukuma oili nje hata gasketi ikiwa mpya. Vipuri vya zamani mlivyotoa sikukabidhiwa. Navihitaji pia.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nitawasilisha shauri hili, pamoja na risiti na picha, kwenye mamlaka ya kutetea walaji.

Wenu,
Mteja