Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Watumia Maji

Ndugu wanachama,

Kamati imekaa vikao 4, miche ya miti ya asili imeoteshwa, mfereji wa juu umezibuliwa mara 2. Hayo mnayajua, wengine mlishika majembe. Ndaga fijo, asanteni sana.

Nije kwenye safari yetu ya Kyela, kule chini mto wetu unakoingia ziwani, maana maneno yamekuwa mengi. Wanachama tuko 84. Waliolipa ada ya shilingi 10,000 ni 31, jumla 310,000. Haisi na mafuta 190,000, chakula 50,000, miche 45,000, baki 25,000. Inasemwa mwenyekiti alikwenda kula mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, kwa fedha ya jumuiya. Mbasa nilikula, na nilijilipia mwenyewe.

Wazo lilikuwa langu, silikani. Kijito chetu kinatoka msituni ubavuni mwa Mlima Rungwe, kinaingia mto Kiwira. Kiwira inapita chini ya Daraja la Mungu, inateremka tambarare ya Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Kilele cha Rungwe kiko mita 2,960 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa mita 475 hivi, na kwa kunyoosha kamba ni kilomita 50 hadi 60 tu. Maji yanayoporomoka namna hiyo hayaubembelezi udongo wetu wa majivu ya volkano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tuache mita 60 kutoka ukingoni mwa mto bila kulima. Tumeisoma hapa miaka 3, hakuna jembe lililosogea.

Tazameni chupa hizi mbili mezani. Hii niliijaza pale maji yanapotoka msituni; vidole vyangu mnaviona upande wa pili. Hii ilichotwa mto unapoingia ziwani, siku 2 baada ya mvua. Imetulia tangu Machi, na tope chini lina unene wa kidole. Wakulima wa mpunga wa kule walituuliza, "Ninyi wa juu mnatuletea nini?" Mwenzetu mmoja, ambaye viazi vyake vinagusa maji, alinyamaza njia nzima hadi Tukuyu. Wiki iliyofuata alirudisha matuta nyuma. Hiyo 240,000 ya haisi, mafuta na chakula imepotea wapi?

Walioandikishwa safari ni 20, waliofika stendi ni 9. Waliobaki wamelala ndio wenye maswali. Hata leo tumeanza saa 6 badala ya saa 3, tukisubiri akidi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata mfadhili, kuotesha miche zaidi, na pengine kwenda tena Kyela. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.