Risala ya kikundi chetu kwa mgeni rasmi: siku ya majibu

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi, kina mama na kina dada, wakubwa shikamooni.

Asante sana kwa kuja. Kikundi hiki tulikianza ili tusindikizane kwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi, maana mtu akienda mwenyewe anafika getini anageuza, na huko kusindikizana ndo kumetufundisha kwamba kupima sio kazi, kazi iko siku ya majibu.

Mwenzetu mmoja (katuruhusu tuseme) alipewa karatasi imeandikwa seli sio za kawaida, basi, hakuna aliyemkalisha chini akamwelewesha. Akaikunja mara nne akaiweka kwenye pochi miezi 8, usiku halali anawaza wanae watalelewa na nani. Siku anatuonyesha ilishaanza kuchanika kwenye mikunjo. Tukampeleka, akafanyiwa kolposkopi, yaani wanapaka dawa kama siki halafu wanaangalia mlango wa kizazi kwa darubini, penye shida panakuwa peupe, wakachukua kinyama wakapime, ikawa CIN 2, yaani seli za mlango wa kizazi zimebadilika kwa kiwango cha pili kati ya vitatu. Wakaitoa kwa kitanzi cha waya wa umeme na jioni alikuwa kwake. Haikuwa saratani!

Mgeni rasmi, wanawake wengi hawajaambiwa hili. Kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana na ndo kinacholeta saratani hii, karibu kila mtu anakipata, mara nyingi mwili unakitoa wenyewe ndani ya miaka 2. CIN 1 kwa kawaida inaangaliwa tu na kupimwa tena, CIN 2 na 3 ndo zinatibiwa, na mpaka ifike saratani huwa ni miaka 15 hadi 20, ila mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza ikawa 5 hadi 10 kwahiyo yeye asisubiri kabisa. Na kina baba mtusikie, HPV inaweza kukaa kimya miaka mingi, sio ushahidi kwamba mkeo katoka nje.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wanaokutwa na shida watibiwe. Ombi letu liko hapohapo: kila mwanamke apewe majibu na mtu wa kumwelewesha ana kwa ana, asiporudi apigiwe simu, na inapowezekana atibiwe siku hiyohiyo.

Mwenzetu yule amekaa mstari wa pili, mwezi uliopita kapima tena na majibu yametoka safi, karatasi hiyo kaja nayo, haijakunjwa.

Naomba kuwasilisha.