Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mazoezi yetu ya bustani ya Mama Ngina, Mombasa, yameendelea mwaka mzima. Hayo sitayarefusha. Linaloninyima usingizi ni pufya, yaani dawa zilizopigwa marufuku michezoni.

Mwaka huu binti yetu mmoja wa mbio za masafa ya kati alichomwa sindano ya goti katika zahanati, siku chache kabla ya mashindano. Kadi aliyopewa imeandikwa "sindano" tu. Ya dawa gani? Hajui, na mkufunzi wake hakuuliza. Tangu Januari 2022, sindano za jamii ya kotisoni, dawa za kutuliza uvimbe, ni marufuku wakati wa mashindano, hata zikichomwa kwenye kiungo. Angepimwa akakutwa nayo, "sikujua" isingemwokoa. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, humbebesha mwanariadha kila kinachopatikana mwilini mwake. Kutojua kunaweza kupunguza adhabu, lakini hakufuti kosa.

Na muguka, majani ya kutafuna ambayo wengi wetu tunaiona mambo ya barazani tu? Kathini, kichangamshi kilichomo, ni marufuku wakati wa mashindano ikizidi maikrogramu 5 kwa mililita moja ya mkojo. Muda huo kwa kawaida huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mashindano, lakini aliyetafuna jioni asijidanganye kwamba amewahi. Kinachopimwa ni mkojo, si saa aliyotafuna.

Kufungiwa ni adhabu ya michezo. Jela ni ya mahakama, na huko sisi watu wazima ndio tunaotafutwa zaidi. Sheria ya Rodchenkov ya Marekani, ya mwaka 2020, haimshtaki mwanariadha. Humwandama anayemletea dawa, hata akiwa nje ya nchi hiyo, na kifungo chake hufika miaka 10. Wa kwanza kushtakiwa, Eric Lira, tabibu wa tiba asilia huko Texas aliyewapelekea wanariadha dawa kabla ya Olimpiki za Tokyo, alihukumiwa miezi 3 gerezani mwaka 2024. Ujerumani, kwa sheria ya 2015, humfikisha kortini hata mwanariadha mwenyewe. Kwetu Kenya, sheria ya 2016 iliyounda ADAK, wakala wa kupambana na pufya nchini, nayo ina faini na kifungo.

Mimi naona Wamarekani wamelenga panapostahili. Kijana wa miaka 17 hajui EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, inauzwa wapi wala kwa bei gani. Yupo mtu mzima aliyemwelekeza.

Kwa hiyo, kamati inaleta azimio hili. Kila mkufunzi atie saini kwamba hatampa kijana kidonge, sindano wala unga wa kopo bila jina la dawa kuandikwa na kukaguliwa kwenye orodha ya WADA. Atakayekiuka atolewe chamani na ADAK ipewe taarifa. Nakala ziko mezani kwa katibu. Tusome, tujadili, kisha tupige kura kabla ya uchaguzi wa viongozi.